Mteja Yuko Leicester, Wewe Uko Oyugis: Nani Atalipa Ushuru wa Parseli?

Oda ya kwanza kutoka nje huwa inaingia kama mchezo. Umepiga picha vikapu vyako vya magugu maji, au vinyago vya mawe ya Tabaka, ukaviweka Facebook. Binamu aliye Leicester akasambaza kwa kikundi chao cha WhatsApp. Jioni simu inalia: "Dada, naweza kupata vitatu? Niambie bei nitume pesa saa hii." Unataja bei ileile ya soko la Oyugis, unaongeza kidogo ya posta, na kabla hujamaliza kufunga duka pesa imeshaingia kwa simu.

Wiki tatu baadaye mteja anaandika tena, na sasa hakuiti dada. Parseli imefika, lakini anaambiwa alipe kwanza kodi na ada ya kuishughulikia ndipo apewe. Anasema hukumwambia. Na kweli hukumwambia, kwa sababu hata wewe hukujua. Akikataa kuichukua, vikapu vinaweza kurudishwa kwa gharama yako au kuteketezwa huko huko, naye anataka pesa yake irudi. Pesa yenyewe ulishanunulia magugu mengine.

Wateja wetu wa Oyugis, Rongo, Homa Bay na Migori wanaouza mtandaoni wanatuuliza kila mara: "Nikitaka kuuza nje, nijiandikishe wapi?" Tutajibu, lakini swali lenyewe tunaligeuza kidogo. Kabla ya kuuliza utajiandikisha wapi, uliza nani atalipa kodi ya kule parseli inakokwenda, na atailipa lini. Ukishapata jibu la hilo, habari ya kujiandikisha inakuwa rahisi.

Ni serikali mbili, si moja

Sisi Wakenya tunasema "ushuru" kwa kila kitu kinachokatwa. Hapa tutenganishe. Kuna kodi ya mapato yako, ambayo unailipa hapa nyumbani kwa KRA, haijalishi mteja yuko Kosele au yuko Kanada. Kisha kuna malipo ya kuingiza bidhaa katika nchi ya mteja. Hayo ni ushuru wa forodha, pamoja na VAT ya nchi hiyo kama wanayo. Kulipa moja hakukuondolei nyingine. Risiti ya KRA haimshughulishi afisa wa forodha wa Uingereza, na mteja kulipa VAT ya Uingereza hakupunguzi chochote KRA.

Hapa nyumbani

Unaanza na PIN ya KRA. Kuipata ni bure kupitia iTax, na ukikwama unaweza kusaidiwa Huduma Centre ya Homa Bay, Migori au Kisii. Wengi huenda saiba, na si vibaya kumlipa kijana kwa muda wake. Lakini hakikisha baruapepe na namba ya simu anazoandika ni zako. Tumeona watu wengi waliofunguliwa akaunti kwa baruapepe ya saiba. Miaka miwili baadaye saiba imehama, na mwenye PIN hawezi kuingia kuwasilisha ritani. Ritani isipowasilishwa hadi tarehe 30 Juni ikapita, faini ya mtu binafsi ni KSh 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, yoyote iliyo kubwa.

Ukishakuwa na PIN, jumlisha mauzo. Biashara inayouza zaidi ya KSh 1,000,000 lakini isiyozidi KSh 25,000,000 kwa mwaka inaingia kwenye kodi ya mauzo ghafi, ile inayoitwa TOT. Inalipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kiwango chake kimekuwa kikipanda na kushuka: Aprili 2020 kilishushwa hadi asilimia 1, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikakipandisha hadi asilimia 3. Kwa hiyo angalia kiwango cha sasa kwenye iTax siku unayolipa, usitegemee ya mwaka jana.

Hiyo kodi inakatwa kwa mauzo, si kwa faida. Mwuzaji wa vikapu anayepokea KSh 120,000 kwa mwezi anafikisha KSh 1,440,000 kwa mwaka, kwa hiyo yuko ndani. Kwa kiwango cha asilimia 3, mwezi mmoja ni KSh 3,600. Na kama ndani ya hizo 120,000 kuna 40,000 ulizomtoza mteja ili uzipeleke posta, nazo zinahesabiwa. Wanaouza nje ndio huumizwa zaidi na hilo, maana nauli ya parseli inaweza kukaribia bei ya kikapu chenyewe. Ukiona faida yako ni nyembamba sana, sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna ukachagua kodi ya kawaida ya faida, ila hapo lazima uwe na vitabu vinavyoonyesha gharama zako zote.

Kama mauzo hayajafika milioni moja, TOT haikuhusu, lakini ritani ya mwaka bado inakuhusu, na unahesabiwa kwa faida. Nafuu ya kila mtu ni KSh 2,400 kwa mwezi, ambayo inameza kodi ya KSh 288,000 za kwanza za mwaka. Wengi wanaoanza wanaangukia hapo, wala hawadaiwi chochote. Wanachodaiwa ni ritani tu.

VAT ya Kenya ni lazima ukifikisha mauzo ya KSh 5,000,000 kwa mwaka. Bidhaa zinazotoka nje ya nchi zinatozwa VAT ya asilimia 0. Usidhani hiyo ni sawa na kusamehewa VAT. Aliyesajiliwa anayeuza kwa asilimia 0 anaweza kudai VAT aliyolipa aliponunua vifaa, mradi aonyeshe ushahidi kwamba mzigo ulitoka: hati ya forodha, hati ya usafiri wa ndege au barabara, ankara, na malipo yaliyoingia. Aliyesamehewa hadai kitu. Kwa ankara za eTIMS huhitaji kompyuta. Biashara ndogo ambayo haiko kwenye VAT inaweza kuzitoa kwa simu ya kawaida, *222#.

Nchi ya nje iliyo karibu zaidi ni Tanzania

Watu wakisikia "kuuza nje" wanawaza ndege. Kumbe kutoka Oyugis unapita Kisii, Rongo na Migori, na kabla ya jioni uko Isebania, ng'ambo ni Sirari. Kwa mwuzaji mdogo, huko ndiko kujifunza forodha ni rahisi zaidi.

Nchi za Afrika Mashariki zina utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, uliotengenezwa ndani ya jumuiya na ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, unapewa mpakani cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Ukiwa nacho hutozwi ushuru wa forodha, na huhitaji kuajiri wakala wa kukutolea mzigo.

Lakini wengi hukosea papo hapo. Cheti kinaondoa ushuru wa forodha tu. VAT na kodi nyingine za ndani za Tanzania, na vibali vya afya ya mimea au vyakula pale vinapohitajika, vinabaki palepale. Ukisikia mtu anasema "na cheti hulipi chochote," ujue hajawahi kuvuka na bidhaa inayotozwa VAT. Wale wanaopita njia za panya kwa sababu waliogopa makaratasi hupoteza mzigo mzima wa thamani ya laki, kumbe karatasi yenyewe ingepatikana palepale ofisini.

Tena usichanganye kuuza Tanzania na kufungua duka Tanzania. Julai 2025 serikali ya huko ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo, zikiwemo za rejareja na uwakala wa kutuma pesa kwa simu. Njia salama ni kumuuzia Mtanzania mwenye duka. Yeye anakuwa mwingizaji wa bidhaa, anashughulika na mamlaka ya kwao, na wewe unabaki mwuzaji wa kutoka Kenya.

Uingereza: mwuzaji ndiye anayedaiwa

Sasa turudi kwa binamu wa Leicester. Tutakaa hapa kidogo, kwa sababu jamaa zetu wengi wako huko na kwa sababu sheria ya Uingereza inawashangaza watu.

Tangu 1 Januari 2021, kifurushi chenye bidhaa za thamani isiyozidi pauni 135 hakitozwi VAT mpakani. VAT inatakiwa itozwe wakati wa kuuza, na anayetakiwa kuitoza ni mwuzaji, hata kama yuko Oyugis. Kiwango ni asilimia 20. Kwa oda ya pauni 60 hiyo ni pauni 12. Na ile nafuu ya mauzo madogo wanayopewa wafanyabiashara wa kwao haimhusu aliye nje ya nchi. Unatakiwa kusajiliwa kwa VAT yao tangu oda ya kwanza.

Tunajua ukisoma hivyo unataka kufunga simu. Ngoja kwanza. Sheria hiyohiyo imeacha milango ambayo mwuzaji mdogo anaweza kupita bila kuwa mlipa kodi wa London.

Mlango wa kwanza ni kuuza kupitia soko la mtandaoni linalopokea malipo lenyewe, kama Etsy. Hapo soko ndilo linalotoza VAT na kuipeleka serikalini, nawe unatuma parseli na namba wanayokupa. Watakukata ada yao, na ada hiyo si ndogo, lakini unanunua amani. Angalia tu kwamba ukurasa wako wa Facebook si soko la aina hiyo. Kama mmepatana bei kwenye inboksi na akakutumia pesa kwa simu, hakuna aliyekata kodi kwa niaba yenu.

Mlango wa pili ni kumuuzia mwenye duka aliyesajiliwa kwa VAT Uingereza. Anakupa namba yake ya VAT, unaiandika kwenye ankara, na hesabu ya VAT inakuwa yake.

Wa tatu ndio tunaoupenda kwa vikundi vya jamaa. Mzigo unaozidi pauni 135 unarudi kwenye utaratibu wa kawaida wa forodha, yaani anayeupokea ndiye mwingizaji na analipa VAT unapoingia. Badala ya kutuma vifurushi vitano vya pauni 40 kwa watu watano, binamu anaagiza mzigo mmoja wa pauni 200 kwa jina lake, akijua mapema kwamba atalipa. Kama vikapu vina asili ya Kenya na una tamko la kuthibitisha hivyo, mkataba wa biashara kati ya Kenya na Uingereza, uliofanya kazi tangu 2021, unaviondolea ushuru wa forodha. VAT haiondoki. Na binamu akianza kuwauzia wengine kwa faida, yeye naye amefungua biashara huko, na kodi za huko zinamhusu.

Ulaya bara na Marekani

Muungano wa Ulaya unatoza VAT kwa kila kifurushi cha biashara tangu 1 Julai 2021, hata cha euro 5. Tofauti na Uingereza, huko mteja anaruhusiwa kulipa mwenyewe mlangoni, kwa hiyo wewe hulazimiki kujisajili. Mteja wa Ujerumani aliyenunua kwa euro 80 atalipa asilimia 19, yaani euro 15.20, pamoja na ada ya aliyeleta parseli. Kuna usajili unaoitwa IOSS, wa vifurushi visivyozidi euro 150, unaokuwezesha kutoza VAT wakati wa kuuza ili mteja asisumbuliwe. Lakini mwuzaji wa Kenya lazima awe na mwakilishi aliye Ulaya, na mwakilishi hafanyi kazi bure. Kwa oda tatu kwa mwezi hesabu haitoki. Mwambie mteja mapema atalipa kiasi gani, basi. Ila fuatilia mabadiliko: Desemba 2025 nchi za muungano zilikubaliana kuanza kutoza ushuru wa euro 3 kwa bidhaa za vifurushi vilivyo chini ya euro 150 kuanzia 1 Julai 2026.

Marekani haina VAT ya taifa, na kodi za mauzo za majimbo kwa kawaida hazimfikii mwuzaji wa nje mpaka auze sana, mara nyingi dola 100,000 kwa mwaka katika jimbo moja. Kwa miaka mingi kifurushi cha chini ya dola 800 kiliingia bure, na biashara nyingi ndogo za Afrika zilijengwa juu ya msamaha huo. Uliondolewa kwa nchi zote 29 Agosti 2025, na mashirika mengi ya posta duniani yakasimamisha vifurushi vya Marekani kwa muda yakijipanga. Kama bei uliyowapa wateja wa Minnesota ni ya kabla ya hapo, ihesabu upya kabla ya kupokea oda nyingine.

Fomu ya posta, na lile neno "zawadi"

Kila parseli ya kwenda nje ina tamko la forodha. Kwa posta ni fomu ya CN22 kwa vitu vya thamani ndogo na CN23 kwa vikubwa. Usiandike "vitu vya sanaa". Andika kwa Kiingereza ni nini, vingapi, vimetengenezwa kwa nini, thamani ya kila kimoja, nchi ya asili, na namba ya bidhaa ya kimataifa. Tarakimu 4 za kwanza za vikapu vya kusuka ni 4602, na za vinyago vya mawe ni 6802. Kwa bidhaa za mimea, muulize mteja nchi yake inataka nini. Ikitaka cheti cha afya ya mimea, KEPHIS ndio wanaokitoa.

Mteja atakuomba uandike "zawadi", au uandike pauni 10 badala ya 60. Atakuambia kila mtu hufanya hivyo. Lakini anayetia sahihi ni wewe. Afisa akifungua simu yake akakuta kikapu hichohicho kwenye ukurasa wako na bei kamili, parseli inashikwa kwa tamko la uongo. Na ikipotea njiani, fidia inahesabiwa kwa ile thamani uliyoandika. Utalipwa ya pauni 10, na mteja anakudai 60.

Pesa ikishaingia

Laini yako ya kawaida inapokea ya chama, ya matanga, ya karo ya mpwa, na sasa ya vikapu. Mwisho wa mwaka statement inaonyesha jumla moja kubwa, na ni wewe utakayekaa usiku kucha ukieleza ipi ilikuwa mauzo na ipi haikuwa. Fungua namba ya till ya biashara, na mauzo yote yapitie hapo. Pia, baadhi ya huduma za kutuma pesa kutoka nje zina sharti kwamba ni za familia tu, si za malipo ya biashara. Mteja akichagua "msaada wa familia" kwenye programu huku wewe umemwandikia ankara ya KSh 30,000, karatasi zenu hazisemi kitu kimoja. Muombe atumie njia ya malipo ya biashara.

Kabla hajatuma chochote, mtumie ujumbe kama huu na usubiri jibu:

"Vikapu 6, pauni 210 pamoja na usafirishaji. Bei hii haina VAT ya Uingereza. Utaombwa kuilipa mzigo ukifika, takriban pauni 42, pamoja na ada ya msafirishaji. Ukikataa kuupokea, nauli ya kwenda na kurudi haitarejeshwa. Ukikubali nijibu NDIO."

Ile NDIO usiifute. Mzozo ukizuka, hiyo na risiti ya posta ndizo zitakazokutetea. Na pesa ya oda usiitumie yote mpaka parseli ipokelewe. Angalau ya kurudisha mzigo iwe imebaki kando.

Halafu jihadhari na matapeli, maana wamejua kwamba watu wa vijijini sasa wanapokea na kutuma mizigo. Utapigiwa simu: "Parseli yako imeshikwa forodha uwanja wa ndege, tuma 4,800 kwa namba hii iachiliwe." Kodi ya KRA inalipwa kwa namba ya malipo, PRN, inayotolewa kwenye mfumo wao. Hailipwi kwa laini ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kama afisa mkubwa kiasi gani. Akikuomba PIN, muulize ni ipi. PIN ya KRA inaanza na herufi A kwa mtu binafsi au P kwa kampuni, na unaweza kumwandikia mteja kwenye ankara bila wasiwasi. PIN ya pesa yako kwenye simu haihitajiki na forodha ya nchi yoyote, wala na posta, wala na sisi. Akiitaja hiyo, kata simu, kisha angalia parseli yako mwenyewe kwa ile namba ya kufuatilia iliyo kwenye risiti.